Ndago Kwenye Vitunguu

...na huu nao umekatika, mzizi umebaki chini, nimeusikia ukikatika kama uzi wa kushonea, na mkononi nimebaki na majani tu, na majani si kitu, majani ni nywele, mtu anaweza kuninyoa nywele kila asubuhi na bado nikawa Hinda yule yule, ndago yenyewe iko huko chini, kijiazi cheusi kidogo kama kinyesi cha mbuzi, na nisipokitoa leo kitachomoza tena, na hakitachomoza peke yake, kitakuja na nduguze... basi rudi chini, chimba kwa kijiti, taratibu, kitunguu kiko karibu, vikiwa vidogo kitunguu na ndago hufanana, vyote kijani, vyote vyembamba kama sindano, nilipoletwa hapa mara ya kwanza nilishinda kutwa nzima naling'oa tuta zima la vitunguu na kuiacha ndago imesimama, wanawake wa mtoni wakacheka mpaka wakakaa chini, nami nikacheka, ningefanya nini, mimi ni binti wa ng'ombe, nilijua majani kwa namna ng'ombe anavyoyajua, haya yanaliwa, haya hayaliwi, hakuna aliyeniambia kwamba yako majani ya kupigana nayo... na hooyo anasema. Tangu lango la kijiji lilipofunguliwa asubuhi anasema, haachi, yuko tuta la pili, mgongo wake kwangu, amechutama kama mimi, na maneno yanamtoka kama maji ya kiriba kilichotoboka, hooyo, ndivyo ninavyomwita, Sirad, mama wa mume wangu, na neno hilo linanikwama, mama wa mume wangu, kwa sababu mume wangu yuko chini ya ardhi upande wa Kotile na mama yake hajui. Hajui. Mimi najua tangu jana. Anasema Yarow alikuwa mtoto mbishi, anasema alikuwa hataki maziwa ya kibuyu, anataka kunyonya kwenye chuchu ya ng'ombe mwenyewe, siku moja ng'ombe akampiga teke akaanguka chali na povu la maziwa mdomoni, na mimi nachimba, sitaki kusikia, nyamaza hooyo, nyamaza kidogo tu, nakuomba, lakini siwezi kumwambia nyamaza kwa sababu ataniuliza nina nini...

Jana sikuwa na kitu. Jana asubuhi nilikuwa mke wa mtu. Nilikuwa nimeinama mtoni nachota maji, askari amesimama juu ya ukingo anatazama upande wa pili wa maji, na Tari akaja kuosha vibuyu vyake karibu nami, Tari yule mwanamke wa Kiorma anayeuza maziwa kwenye ua wa miiba unaotuzunguka, akasema bila kunitazama, "Hinda, usigeuke, endelea kuchota, mtu wako amezikwa," nami nikaendelea kuchota, mkono ukaenda ukarudi, ukaenda ukarudi, mkono haukusikia kitu. Nikamwuliza nani aliyemzika. Akasema mume wake alikuwepo, walimkuta kando ya dimbwi, alikuwa ameinama kunywa, risasi ilimkuta hapo hapo na kiu yake. Nikamwuliza kama waliomzika walimwosha. Akasema dimbwi lilikuwa na maji. Nikauliza, walimswalia? Akasema, walimswalia Hinda, walimswalia vizuri, kisha akasema kikoi chake kilikuwa kijani na kiraka cheusi kiunoni, akasema hivyo ili nisibaki na shaka, na mimi kile kiraka nilikishona mwenyewe kwa kitambaa cha mtandio wangu, nikiwa na hasira naye, nikachoma sindano kubwa kubwa kama mtu anayeshona gunia, kwa sababu alikuwa ameniambia anakwenda msituni na wenzake na mimi nilitaka aseme haendi... debe likajaa likamwagika miguuni pangu, na Tari akachukua vibuyu vyake akaondoka. Na nilichohisi kwanza si uchungu, Mungu anisamehe, nilichohisi kwanza ni kuchoka. Nilitaka kukaa pale kwenye matope nilale. Debe nililibeba kichwani mpaka nyumbani, nikalitua, hooyo akaniuliza mbona umelowa, nikasema niliteleza, akasema angalia usivunje mguu, na hayo ndiyo yote, hivyo ndivyo mume wangu alivyokufa nyumbani kwake.

Hiki hapa, nimekishika, kijiazi, kimetoka na uzi wake na kingine kimening'inia mwishoni mwa uzi, njoo, njoo wewe pia, fuata mwenzio... kimetoka. Nakitupa kwenye kikapu. Huwezi kuviacha juu ya udongo, ukiviacha vinajifia kwa nje tu, mvua ikija vinaamka, lazima uvichome, na hata ukivichoma, kesho unakuta mahali pengine pamechomoza. Hooyo anasema Yarow alikuwa akilala kwenye zizi la ndama, anasema ukimtafuta usiku humpati, unawasikiliza ndama, ukisikia ndama anakoroma ujue ni Yarow, na anacheka, hooyo anacheka peke yake huko na mgongo wake unatikisika, na mimi nimeuma meno. Nitamwambiaje? Nikimwambia atalia, na akilia watasikia. Rukiyo alilia. Rukiyo wa nyumba ya tatu kutoka lango, alipoletewa habari za mumewe alitoa sauti moja tu, ndefu, kisha wanawake wakamziba mdomo kwa shuka, lakini sauti ilikwisha ruka ua wa miiba, na asubuhi askari wakaja, wakauliza huyu anamlilia nani, aliyekufa ni nani, alifia wapi, na mzee Guleid baba mkwe wake akasema ni mjomba, ni mjomba wa mbali, amekufa kwa homa, wakasema tuonyeshe kaburi lake. Mzee Guleid akapandishwa lori. Ng'ombe wao wakatolewa zizini wakaenda nao. Rukiyo sasa anapita hapa anakwenda shamba lake, hatazami mtu, na hakuna anayemtaja mumewe mbele yake wala nyuma yake, kama vile watoto wake walizaliwa kwa mvua... Na sisi tulisema Yarow yuko Kismayu. Hooyo ndiye aliyesema, siku ile tulipoingizwa kwenye kijiji hiki cha ua na mtutu wa bunduki nyuma yetu, akamwambia koplo mwanangu alipeleka ng'ombe Kismayu kuuza, vita vikamfungia njia, na tangu siku hiyo Yarow yuko Kismayu, ana afya, anasubiri njia ifunguliwe. Aliyeko Kismayu haliliwi.

Jua limefika mgongoni. Mstari huu nikiumaliza iko mingine, na nyuma yangu, nikigeuka, na sitaki kugeuka, pale nilipoanza asubuhi ya juzi tayari pana rangi ya kijani isiyo ya kitunguu. Bwana shamba anakuja kesho. Koplo alitangaza langoni, kila kipande kiwe safi, kipande chenye magugu kitapewa mtu mwingine, na nje ya kipande hiki hatuna kibali cha kutoka langoni, tutakaa ndani ya ua kutwa na usiku tukitazama mifupa ya ng'ombe wetu, maana ng'ombe waliobaki wamekufa humo ndani, wamesimama wakitazama majani ng'ambo ya miiba, wananusa, wanalia, hatukuruhusiwa kuwatoa kwenda malishoni, mpaka wakawa hawasimami tena, na ng'ombe wa Yarow, Adey, yule mweupe, ndiye aliyekwenda wa mwisho, hooyo alimsomea kama anayemsomea mtu. Kwa hiyo sasa tuna vitunguu. Na dukani redio imesema wakubwa wamekaa mahali mbali wakasikizana, imesema mambo yatatulia, wanaume walikaa wakaisikiliza, na jana niliposikia hayo, kabla ya kwenda mtoni, niliwaza, kumbe basi atarudi, nikaanza hata kufikiri nitampikia nini... nyamaza, chimba.

Na mikono yangu inanukia. Hilo ndilo lililonitesa usiku kucha. Vijiazi hivi vikipondeka vinatoa harufu nzuri, mama yangu alikuwa akivikausha na kuviponda pamoja na ubani na sukari, uunsi wa kufukiza nyumba mume anaporudi kutoka safari, na mimi nilifukizia Yarow, nguo zake, nywele zangu, godoro la ngozi, na sasa mimi ni mjane, nina eda, mjane hagusi manukato, hatii hina, hajipambi, anakaa nyumbani kwake kwa utulivu amevaa nyeupe na watu wanamjia wanamwombea marehemu, na mimi nimekaa kwenye udongo nimevaa shuka la buluu, mikono inanukia mpaka viwiko, nimenawa kwa majivu, nimenawa kwa mchanga, inanukia tu. Ni dhambi hii? Nani nimwulize? Nikimwuliza maalimu nimekwisha sema. Nilitaka kitu kidogo tu, sikutaka ng'ombe wachinjwe wala watu wajae, nilitaka kukaa mahali mtu akanitazama akajua, huyu amefiwa. Batula mwanangu nimemwacha kwa jirani, asubuhi alikuwa anaimba, hamjui baba yake, alipoondoka alikuwa hajaota jino, nitamwambia nini Batula, na lini... na hooyo sasa anasema atakapouza vitunguu hivi atamnunulia Yarow kikoi kipya, kile cha kijani kimechakaa, na mimi nataka kusimama nikapige yowe, nataka kumrushia kijiti hiki mgongoni, mama wewe, kikoi hicho kiko chini ya udongo, kimezikwa naye, acha kusema...

Viatu. Nasikia viatu kwenye mfereji mkavu, koplo ametoka kwenye kivuli cha mkoma anakuja, bunduki begani, anatembea kama mtu ambaye miguu inamuuma, naye hapa si kwao, anatoka mahali penye baridi, huwa anatuambia kwao kuna mvua kila siku, hatumwamini. Nimeinamisha kichwa. Anasimama kati ya tuta langu na la hooyo, naona ncha za viatu vyake, anasema, "Nyinyi mama, kesho bwana shamba anakuja, na hapa bado ni pori." Na mimi nasema, "Sisi nabalilia, afande, iko kidogo tu," Kiswahili changu kinatoka kimevunjika vunjika kama kawaida, naye anasema kidogo gani, anasukuma ndago kwa ncha ya kiatu, na kiatu kinakanyaga kitunguu, hajui tofauti yake, simwambii. Kisha anauliza lile swali lake, analiuliza kila anapopita, si kwa ukali, ni kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Na wewe mama mzee, mwanao bado hajarudi kutoka Kismayu?" Mkono umesimama udongoni. Nalijua jibu, hooyo atasema bado afande, njia mbaya, nimelisikia jibu hilo mpaka nimelizoea, na nikilisikia leo sijui nitafanya nini, nitacheka, nitatapika... na hooyo anasema, "Hatarudi." Anasema kwa sauti ya kawaida, hajageuza hata kichwa. "Mwanangu amebata mke huko Kismayu. Ameleta maneno. Huyu hapa amemwacha."

Amemwacha. Mimi. Koplo anacheka kidogo, anasema, "Amemwacha? Mama huyu mchapa kazi hivi?" na hooyo anasema, "Amemwacha, talaka. Mwanamume mbaya, mwanangu. Mimi naona haya juu yake." Yarow? Yarow aliyekuwa akinigawia ini la mbuzi kwa siri, Yarow hakumtazama mwanamke mwingine, na mama yake mzazi amesimama, maana sasa amesimama, amejikongoja akasimama na kijembe mkononi, anamtukana mwanawe mbele ya askari, watasikia wote, kabla ya adhuhuri kijiji kizima kitajua kwamba Hinda ameachwa, na hasira inanipanda, ile ya sindano kubwa kubwa, nataka kusema ni uongo, mume wangu hakuniacha, mume wangu... na hapo ulimi unasimama, maana nikisema hivyo nitaendelea. Hooyo anasema, "Sasa huyu nakaa eda." Koplo anauliza eda ni nini. "Ni dini yetu," anasema hooyo. "Mwanamke akikosa mume, nakaa kimya. Mtu asimwite langoni kuuliza maneno. Asimcheke. Akilia kidogo, mwache, ni eda hiyo. Shamba atakuja, nyumbani atakaa. Hafai mabambo, hatii manukato." Na koplo anakuna shingo chini ya kofia, anatazama mtoni, anasema haya, mambo yenu, lakini kupalilia atapalilia, na hooyo anasema, "Atabalilia, afande. Fitunguu kesho nakuwa safi." Na viatu vinaondoka.

Mwanamke akikosa mume. Hakusema akiachwa. Nimelisikia sasa, nyuma, kama mtu anavyosikia jina lake baada ya aliyeliita kunyamaza... akikosa mume, akilia kidogo mwache. Nainua kichwa. Hooyo amechutama tena, lakini amechutama upande wangu, uso wake kwangu kwa mara ya kwanza leo, na naona kwa nini alinipa mgongo asubuhi yote, macho yake yamekuwa mekundu mpaka kope, na uso ni kama wa mtu aliyekaa kwenye moshi, na anasema, kwa lugha yetu sasa, chini chini, mikono yake ikiendelea kuchimba, "Tari alinifikia mimi kwanza. Mimi ndiye niliyemtuma kwako mtoni. Sikuweza kulisema kwa mdomo wangu." Kisha anasema, "Nilikuona usiku unasugua mikono kwa mchanga." Kisha anasema, "Kijiji watasema umeachwa. Uvumilie. Amani ikija tutawaambia ukweli." Na mimi naitikia kwa kichwa, na natokwa na machozi kwenye shamba la serikali mchana kweupe, askari yuko pale chini ya mkoma ananiona na hasemi kitu, ni eda hiyo, amekwisha ambiwa, ni eda... na najua kwamba nimepewa. Nilichokitaka nimepewa. Na aliyenipa amekitoa wapi? Amekitoa kwenye jina la mwanawe, amelichukua jina lake zuri akalitupa miguuni pa koplo ili mimi nipate mahali pa kulilia, na yeye? Mama hana eda. Mama wa mtu aliyeoa Kismayu analilia nini? Rukiyo alikuwa na sauti moja, hooyo hana hata hiyo moja. Ana nini?

Ana hayo maneno. Tangu asubuhi. Ndama wanaokoroma, povu la maziwa mdomoni, kikoi kipya, na mimi nilikuwa nikiomba anyamaze, nilikaribia kumrushia kijiti, nikifikiri ni mwanamke mzee asiyejua kitu, kumbe alikuwa amekaa matangani peke yake, amejikalia matanga kwenye tuta la vitunguu, mgongo kwangu, hakuna aliyemwitikia, na matanga bila wa kuitikia ni... na sasa amenyamaza. Tangu aseme lile amenyamaza, anachimba tu, na ukimya wake ni mbaya kuliko kusema kwake, nausikia mto, nasikia kijembe kinagonga kokoto, mdomo wake umebana kama mlango, na naogopa kwamba ukifungwa hivyo hautafunguka tena. Nafuta uso kwa bega. Ndago iko mbele yangu, haina mwisho, najua haina, leo au kesho itarudi na bwana shamba akitaka akichukue kipande chake, na nasema, "Hooyo." Nasema, "Hooyo, siku aliyozaliwa, mlikuwa wapi?" Mikono yake inasimama. Koplo kule anakohoa, anawasha sigara. Hooyo ananitazama, kwanza kama hakuelewa, kisha anaelewa, na mdomo unaanza kutetemeka, anaushika kwa kiganja chenye udongo mpaka unatulia. "Tulikuwa tunahama," anasema. "Mvua ilikuwa imekimbia, wanaume wamesema tusilale njiani." Nasema, kisha? "Nikawaambia tangulieni, nimesahau kamba. Nikaingia nyuma ya kichaka." Kisha, hooyo? "Kamba gani. Sikuwa nimesahau kamba," anasema, na anachomeka kijembe ardhini, anavuta, kinatoka na uzi mrefu wa vijiazi, anavitazama kama hajui ni nini, anavitupa kikapuni, anaendelea, na mimi nachimba upande wangu, polepole, nisije nikakata kitu, na kila anaponyamaza kuvuta pumzi namwambia kisha, na kisha, naye ananiambia.